Mzee anauza, Kijana ananunua, nami nabashiri CD hiyo itatolewa upya

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 46, mzaliwa wa Arusha. Naishi Columbus, Ohio, na mke wangu na watoto wetu. Nina jambo limenikaa rohoni, na kila nikimfungulia mtu naambiwa ni dogo. Kwangu si dogo, kwa sababu linawahusu watu wawili ninaowapenda, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu wa Oktoba iko karibu.

Mimi hukusanya muziki wa filamu. Sizungumzii nyimbo, nazungumzia ule muziki wa okestra unaotungwa kufuata picha. Mapenzi haya nilitoka nayo nyumbani. Wazee wa Arusha hawakuchoka kusimulia jinsi filamu ya Hatari! ilivyopigwa picha kwetu, Momella na kwingineko, na baba yangu alikuwa na santuri ya muziki wake, kazi ya Henry Mancini. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba santuri ile haikuwa na muziki uliomo ndani ya filamu. Mancini aliurekodi upya kwa ajili ya santuri. Ule wenyewe ulitoka kwenye CD mwaka 2012, miaka 50 baada ya filamu kuonyeshwa. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuyasaka matoleo kamili.

Hapa mjini tuko watatu tunaozungumza Kiswahili na wenye mapenzi haya. Wa kwanza nitamwita Mzee. Ni wa Mombasa, ameshavuka miaka 70, alistaafu udereva wa mabasi, na ndiye aliyetufundisha kusikiliza. Wa pili nitamwita Kijana. Ni wa Bukavu, hufanya kazi ya usiku kwenye ghala, na anasomea muziki polepole kadiri ada inavyopatikana. Jumapili tukikutana kwa Mzee tunakunywa chai, tunasikiliza, kisha tunaingia kwenye raha yetu kubwa, kubashiri CD gani itatoka.

Naomba niueleze mchezo huu kwa wasioujua. Kampuni zinazotoa CD hizi ni ndogo na chache. Ziko Intrada na La-La Land Records za California, Varèse Sarabande, Quartet ya Hispania, Music Box ya Ufaransa na nyingine kadhaa. Huomba haki kwa studio za filamu, hutafuta kanda asilia, huzisafisha, huandikisha kijitabu cha maelezo, kisha hutoa nakala 1,000, au 2,000, au 3,000, na mara nyingi zikiisha zimekwisha. Hata ule mkusanyo wa CD saba wa muziki wa John Williams wa filamu tatu za mwanzo za Harry Potter, uliotoka 2018, ulitolewa nakala 5,000 kwa dunia nzima. Kampuni hazisemi mapema zinaandaa nini. Pengine hutupa fumbo siku chache kabla, halafu jina linatajwa na mauzo yanafunguliwa. Kwa La-La Land huwa saa sita mchana kwa saa za California, ambayo kwetu Ohio ni saa tisa alasiri. Kwa hiyo tunasoma dalili. Filamu fulani imesafishwa upya. Mtunzi anatimiza miaka 100 tangu azaliwe. Kampuni imepata haki kwa studio fulani na imeshatoa kazi mbili, basi ya tatu haiko mbali. Kwenye mambo haya, bila kujisifu, wenzangu hunisikiliza.

Sasa tatizo. Mzee ana CD moja ambayo sitaitaja jina, maana wenzetu wakiisoma barua hii watatujua. Ilitolewa zamani, nakala 1,500, ikaisha, na leo ukiikuta sokoni inakwenda karibu dola 300. Nyumba ya wazazi wake Kisauni paa limeoza, dada yake anaishi humo, na mvua za vuli ndizo hizo zimefika. Mzee ameamua kuiuza. Kijana, ambaye huupenda muziki ule kuliko muziki wowote, amekubali dola 280, nusu Jumamosi hiyo na nusu mwisho wa Novemba. Kwa mshahara wake hizo ni fedha nyingi mno.

Nami naamini CD hiyo inatolewa upya, ndefu zaidi, kabla mwaka haujaisha. Kampuni ileile imetoa kazi mbili za mtunzi yuleyule kutoka studio ileile. Filamu imesafishwa. Fumbo walilotoa karibuni naliona linaelekea huko. Tena mtu mmoja tunayefahamiana, ambaye huandika vijitabu vya CD hizi, aliniomba nimpigie picha ya upande wa nyuma wa jalada la santuri ya zamani ya filamu hiyo. Basi, ukiweka yote pamoja unaona.

Toleo jipya likitoka, bei ya ile ya zamani itaanguka. Nikimwambia Kijana, Mzee anakosa fedha za paa. Nikimwambia Mzee, namtia kwenye mtihani ambao hakuuomba. Nikinyamaza, Kijana atalipa dola 280 kwa kitu ambacho wiki chache baadaye angekipata kwa dola 30. Na nikisema halafu nikawa nimekosea, nimevunja biashara ya watu kwa ndoto zangu. Mke wangu anasema wale ni watu wazima wawili wamekubaliana, nikae kimya. Nimejaribu kukaa kimya, sipati usingizi.

Nifanye nini, Shangazi?

Mbashiri, Ohio

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kukosa usingizi.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kitu cha kwanza nataka ukisikie ni kwamba hukukosea kuliona jambo hili kuwa zito. Wanaokuambia ni dogo wanaiangalia CD. Wewe unawaangalia Mzee na Kijana. Mmoja amekufungulia masikio, mwingine anakutazama kama kaka. Umejikuta katikati yao na kitu mkononi ambacho, ukikitoa, kinamuumiza mmoja, na ukikificha, kinamuumiza mwingine. Tena huna hakika kama kitu chenyewe kipo.

Hapo kwenye hakika ndipo ningependa tukae kwanza. Barua yako yote unasema "nabashiri". Lakini umetaja dalili nne, na ya nne umeipitia haraka sana, kama mtu anayepita mbele ya mlango ambao hataki ufunguliwe. Kampuni kuwa na haki za studio fulani, filamu kusafishwa, fumbo lililotupwa hadharani, hayo kila mtu anayaona, Mzee na Kijana wakiwemo. Huo ni ubashiri halali, na ubashiri hukosea. Wewe unajua kuliko mimi wakusanyaji walivyousubiri muziki wa filamu ya The Black Hole, kazi ya John Barry. Filamu ni ya 1979, na watu walibashiri wakabashiri, CD haikuja. Muziki ulikuwa umerekodiwa kwa mtambo wa kidijitali wa mwanzo mwanzo, na mashine za kuzisoma kanda zake zilikuwa zimeadimika. Ilitoka 2011. Dalili zote zaweza kuwepo na kanda isipatikane, au ikapatikana imeharibika, au mwenye haki akabadili mawazo.

Mwandishi wa vijitabu kukuomba picha ya nyuma ya jalada la santuri si jambo la namna hiyo. Hilo limekaribia kuwa habari. Nakuomba ujiulize ukiwa peke yako: kama ombi lile lisingekufikia, ungekuwa unakosa usingizi? Ukijibu ndiyo, basi unachobeba ni ubashiri tu, na ubashiri mmezoea kuambiana kila Jumapili juu ya chai. Ukijibu hapana, basi unachobeba ni siri ya mtu mwingine, hata kama hakukwambia kwa maneno kwamba ni siri. Watu wa kazi hiyo hutakiwa wafunge midomo mpaka siku ya tangazo, na huenda alikuomba wewe kwa sababu anakuamini. Kwa hiyo watu unaopaswa kuwafikiria ni watatu. Huyu wa tatu umemsahau kwenye hesabu yako.

Jambo la pili umelichukulia kama limekwisha kuamuliwa: bei itaanguka na Kijana atakuwa amepunjwa. Bei mara nyingi huanguka kweli, sitakudanganya. Lakini Kijana ananunua nini? Yuko anayenunua muziki ili ausikie, na yuko anayenunua kile kitu chenyewe, kile hasa, cha mkono wa yule mzee. Matoleo ya zamani pengine yana kitu ambacho jipya halina. Wewe mwenyewe umeeleza habari za Hatari!, santuri ikiwa na rekodi yake na filamu ikiwa na yake. Filamu ya Jaws nayo ilikuwa hivyo. Albamu ya 1975 John Williams aliirekodi upya, ikapangwa isikike vizuri nyumbani, na toleo la Intrada la 2015 lilipokuja liliviweka vyote viwili kwa sababu wapo wanaokipenda kimoja na wapo wanaokipenda kingine. Kuna pia kisa cha filamu ya The Caine Mutiny, santuri ya muziki wa Max Steiner ya mwaka 1954 iliyoondolewa kabla haijasambaa, kwa sababu ilibeba maneno ya onyesho la mahakama na Herman Wouk, mwandishi wa riwaya yake, alipinga. Nakala chache zilizonusurika zimetafutwa kwa fedha nyingi sana.

Hata hivyo usijifiche nyuma ya mifano hiyo. CD za muziki wa filamu za miaka ya 1980, hasa zilizorekodiwa Marekani, mara nyingi zilikuwa na nusu saa tu ya muziki, kwa kuwa kila dakika iliyohamishwa kutoka filamu kwenda albamu ilidai wanamuziki walipwe tena chini ya mkataba wa chama chao. Kama CD ya Mzee ni ya namna hiyo, na Kijana ni mwanafunzi wa muziki anayetaka kujifunza kila sehemu, basi toleo refu ndilo lingemfaa, na kwa dola 30 lingemwachia ada mfukoni. Haya huwezi kuyajua bila kumuuliza. Na swali "unaipendea nini hasa CD hii?" halivunji siri ya mtu yeyote.

La tatu nitalisema taratibu. Umewachukulia kwamba hawajui. Mzee amekusanya muziki kabla yako, na wewe umesema ndiye aliyekufundisha. Huenda naye ameziona dalili na ameamua auze sasa, au hajaziona kabisa kwa sababu akili yake iko Kisauni kwenye paa. Kijana naye hukaa hapo kila Jumapili akikusikiliza ukibashiri. Je, hajakusikia ukiitaja filamu hii? Labda amejiuliza, akapiga hesabu, akaona kumsaidia Mzee kwa heshima, bila kumpa sadaka, ni bora kuliko kusubiri. Vijana waliopitia aliyopitia yeye hujua sana namna ya kumpa mtu mzima fedha bila kumvunjia hadhi. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema usiwabebee maamuzi yao kabla hujajua wamebeba nini wenyewe.

Sasa tuzitazame njia ulizo nazo, kila moja na machungu yake.

Kunyamaza, kama anavyoshauri mke wako, kuna hoja. Wale ni watu wazima, bei wamekubaliana, na bei ni ya soko la leo. Lakini kinachonitia wasiwasi ni siku ya tangazo. Nyinyi ni watatu tu. Kijana ataliona jina, atakumbuka kwamba wewe ndiwe msomaji wa dalili, na atakuuliza, kwa mdomo au kwa macho, kama ulijua. Utahitaji jibu ambalo unaweza kulisema ukimtazama. Ukiwa unalo, kunyamaza kunawezekana.

Kumwambia Kijana peke yake kunamlinda mwenye kipato kidogo, na moyo wangu unavutwa huko. Lakini atakachofanya baadaye hakiko mikononi mwako. Ataacha kununua, na Mzee atataka kujua kwa nini. Au atanunua hivyohivyo kwa kuona haya, akiwa na uchungu ambao asingekuwa nao. Naye mwandishi wa kijitabu anaweza kuharibikiwa kazini ikiwa neno litatoka kwenye kikundi chenu na kusambaa.

Kumwambia Mzee kwanza kuna heshima ndani yake. CD ni yake, na huenda mwenyewe akasema hataki kumuuzia mtoto wake kitu kitakachoshuka bei. Ila fikiria atafanya nini na habari hiyo. Anaweza kupunguza bei. Anaweza pia kuiuza haraka kwa mtu asiyemjua, na hasara itakuwa imehamia kwa mgeni ambaye nyinyi hamtamwona akilia. Sijui wewe unamweka wapi mgeni huyo. Wengine humwona hayumo kwenye hesabu, wengine humwona sawa na Kijana.

Unaweza pia kuileta hoja mezani mkiwa watatu, kwa yale ya hadharani tu, kama mnavyobashiri siku zote, na la mwandishi ukaliacha kifuani. Malipo tayari yamegawanywa mara mbili. Wanaweza kukubaliana kwamba tangazo likitoka kabla ya mwisho wa Novemba, nusu ya pili ipunguzwe au isamehewe. Naipenda njia hii kwa sababu inawarudishia wenyewe jambo lao. Ubaya wake ni kwamba hatari inamwangukia Mzee, ambaye huenda atakuwa ameshaahidi fundi fedha zote. Tena utakuwa umesema nusu ya unachojua, na nusu iliyobaki itaendelea kukusumbua.

Kuinunua CD mwenyewe? Nina hakika umeshaliwaza, ingawa hukuliandika. Mzee atapata paa, hasara itakuwa yako, na utaifanya ukijua. Lakini Kijana ataona umemnyang'anya kitu alichokisubiri, na utamweleza nini? Na mke wako lazima awe amekubali, maana dola 280 za nyumba yako si zako peke yako.

Iko pia njia ya kumwandikia huyo mwandishi na kumwambia ukweli: rafiki zangu wawili wanataka kuuziana CD hii, je, kuna ninachoruhusiwa kusema? Anaweza kukunyima jibu, na kunyimwa jibu pia utakutafsiri. Anaweza hata kuona umemtia mashakani. Au atakuambia picha ile ilikuwa ya makala nyingine kabisa, na mzigo wote ukakushuka.

Ningependa pia ulitenge paa na CD. Umeviunganisha kwa sababu Mzee ameviunganisha. Lakini Kisauni kuna mvua hata kama CD isingekuwepo. Wapwani mlioko huko, majirani zake, watu wa msikiti au kanisa lake, wewe mwenyewe kwa mkopo mdogo usio na haraka, hizo nazo ni njia za kufikia bati. Mzee anaweza kukataa, wazee wetu wana haya ya kupokea. Ila fedha zikiwa na njia nyingine ya kupatikana, hata ikiwa nusu yake tu, biashara ya Jumamosi inaweza kusogezwa mbele wiki kadhaa bila mtu kuumia, na Novemba ndiyo itakayoamua. Wewe unajua kwamba mwezi huo, kuelekea Ijumaa ile ya mauzo baada ya sikukuu ya Shukrani, ndipo kampuni hizi hupenda kutoa vitu vyao vikubwa.

Swali la mwisho nakuuliza kwa upendo, na si lazima unijibu. Katika hofu yako ya "nikisema halafu nikawa nimekosea", kuna sehemu gani ni hofu ya kuwaumiza wao, na sehemu gani ni hofu ya kupoteza lile jina la kusikilizwa ukibashiri? Zote mbili ni za kibinadamu. Nauliza kwa sababu hofu ya kwanza inaweza kukuongoza kwa usalama, lakini ya pili huwa inamshauri mtu anyamaze hata pale ambapo wenzake wangemsamehe kwa urahisi kabisa kukosea.

Huna siku nyingi mpaka Jumamosi. Kama utaanza na lolote, anza na lile swali kwa Kijana, kwamba anaipendea nini CD hii. Ni dogo, halimfungi mtu, na jibu lake linaweza kubadilisha yote niliyokuandikia hapa. Likibadilisha, niandikie tena, hata kwa mistari michache. Msalimie mke wako, na mfikishie Mzee pole zangu za nyumba ya Kisauni.

Shangazi yako